Kuku 9 kwa wiki 3: anayewala si mmoja, na matundu ni matatu

Msomaji wa Tumbi, nje kidogo ya Tabora mjini, ameuliza hivi: "Shikamoo mtaalamu. Nilikuwa na kuku wa kienyeji 23, wakubwa kwa wadogo, sasa wamebaki 14. Usiku mmoja waliuawa wanne kwa mpigo, shingo zimeng'atwa, aliyeliwa ni mmoja tu. Wiki iliyofuata nikakuta wawili hawana vichwa, miili imeachwa ndani pembeni ya waya. Halafu vifaranga watatu wametoweka mchana kweupe. Banda ni la mabanzi, mita 2 kwa 2, juu nimezungushia waya wa kuku. Kwenye intaneti wanasema ni rakuni, dawa yake waya wa nusu inchi na komeo mbili. Nifuate? Au nimtegee sumu?"

Marahaba. Rakuni mtoe kwenye hesabu. Ni mnyama wa Amerika ya Kaskazini. Binadamu alimpeleka Ujerumani mwaka 1934 na baadaye Japani, lakini porini mwa Afrika hayupo. Wamarekani wanamwogopa kwa sababu ya mikono: vidole vyake vya mbele ni vyepesi kuhisi, anapapasa komeo gizani mpaka linafunguka, na anaingiza mkono kwenye tundu la waya akamvuta kuku kipandekipande. Ndiyo maana wanasisitiza waya wa nusu inchi na komeo la hatua mbili. Ushauri huo ufuate, maana hata wanyama wa kwetu unawazuia. Ila rakuni hana habari na mchwa wala siafu, na mwewe wa Tabora hafungui mlango. Ukijenga kwa maelekezo ya huko peke yake, utaziba nusu ya matundu.

Tuanze na mizoga, kwa sababu ndiyo inayosema.

Wale wanne wa usiku mmoja waliuawa na mnyama mdogo aliyeingia ndani. Anayeng'ata shingo na kichwa, akaua wengi na kula mmoja, kwa kawaida ni kicheche au kanu. Watu wengi huita kila mla kuku "kicheche", lakini kicheche hasa ni yule mweusi mwenye milia myeupe mgongoni, anayetoa harufu mbaya akibanwa. Kanu ni mwembamba kama paka aliyerefushwa, ana madoa mwilini na pete mkiani, na juu ya mti yuko kama nyumbani kwake. Nguchiro wanaotembea kwa makundi, pamoja na yule mwekundu mwenye ncha nyeusi mkiani, ni wa mchana. Wa usiku ni yule mkubwa mwenye mkia mweupe, naye pia anaweza kuhusika. Wanaua wengi si kwa njaa. Kuku wakishtuka gizani wanaruka na kupiga mabawa, na kila anayepapatika mbele ya mnyama huyo anang'atwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba amejua njia, na atarudi.

Wawili wasio na vichwa ni kesi nyingine. Hapo hakuna aliyeingia. Kuku walilala wamejibanza kwenye waya, mmoja akatoa kichwa au shingo kwenye tundu, na aliyekuwa nje, pengine kanu, paka shume au hata bundi, akavuta alichokifikia. Mwili haupiti, kwa hiyo unabaki. Ukikuta mzoga wa namna hii, usitafute shimo chini ya ukuta. Pima umbali kati ya fito za kulalia na waya.

Vifaranga wa mchana: mwewe, kipanga, kunguru, nguchiro au paka wa jirani. Akichukuliwa na ndege huachi kusikia koo akipiga kelele ghafla na kufunua mabawa, na chini hakuna damu. Nguchiro humvuta kichakani.

Kabla hujamlaumu mnyama kwa kila mzoga, mchune ngozi kidogo shingoni kuku uliyemkuta amekufa. Akiwa aling'atwa angali hai, chini ya ngozi kuna damu iliyovilia, nyekundu nzito au zambarau. Ukikuta jeraha lakini nyama ya chini ni safi haina damu iliyovilia, kuku alikufa kwanza, akaja kutafunwa baadaye. Hapo tatizo lako huenda ni ugonjwa wa mdondo, na waya hauzuii mdondo. Chanjo ya matone ya jicho inarudiwa kila baada ya miezi 3. Baada ya kuchunguza nawa mikono kwa sabuni, na mzoga uzike kina cha kutosha. Mzoga uliotupwa nyuma ya nyumba ni mwaliko.

Ukitaka kumjua kwa hakika, chekecha majivu au mchanga laini jioni, mlangoni na kuzunguka banda, upana wa futi 2. Asubuhi, kabla kuku hawajatoka, soma nyayo. Paka huacha alama ya mviringo isiyo na kucha. Mbwa na bweha wana vidole vinne na kucha zinaonekana. Nyegere ana vidole vitano, na alama za kucha zimechomoza mbali mbele ya vidole. Ukiona hizo, jua mabanzi yako hayatoshi, yule anabomoa. Kenge huacha mstari wa mkia katikati ya nyayo, na mara nyingi shida yake ni mayai na vifaranga. Ukiona kandambili, ni habari nyingine, lakini nayo itatibiwa na kufuli nitakalolitaja chini.

Leo usiku, kabla hujanunua chochote, kuku wasilale bandani. Waweke jikoni, stoo, au ndani ya matenga yaliyofunikwa na kukandamizwa jiwe. Bandani wasirudi mpaka uzibe tundu aliloingilia. Kulitafuta, ingia bandani mchana kweupe, mtu akufungie kwa nje, ukae dakika moja macho yazoee giza. Kila mwanga unaopenya ni swali. Tundu linalopitisha kidole gumba linapitisha panya. Linalopitisha yai la kuku, usilale ukidhani nguchiro hapiti. Angalia sana pale bati linapokutana na ukuta, kwenye mikunjo ya bati, na chini ya mlango. Wengi huangalia chini tu, na kanu anatoka juu.

Sasa waya. Ule wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, umesokotwa, haujachomelewa. Umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Mbwa au nyegere akikata nyuzi mbili tatu, zilizobaki zinafumuka kama fulana, na matundu yake ya inchi moja au zaidi yanapitisha panya na mkono wa paka. Tafuta waya uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, geji 19 au mnene zaidi. Kumbuka geji ikiwa namba ndogo ndiyo waya mnene. Dukani ushike kwa mikono miwili, uukunje pembeni na kuunyoosha mara kadhaa: viungo vikiachana, urudishe. Usikubali wavu wa plastiki kwa ajili ya usiku, panya anautafuna.

Kwa banda lako mzunguko ni mita 8. Waya wa upana wa sentimita 90 ukizungushwa juu unakula mita 8, kasoro upana wa mlango. Kwa ajili ya chini, ambako nakuja, utahitaji mita 5 nyingine zikatwe katikati kwa urefu. Nunua mita 13. Pesa ikiwa haitoshi, usinunue waya hafifu kwa banda zima. Ziba kwa mabanzi pande mbili, uache pande mbili zinazotazamana ziwe na waya sentimita 40 za juu kabisa, chini ya paa. Usizibe zote. Banda lisilopitisha hewa linajaa harufu kali ya kinyesi, kuku wanaumwa macho na kifua, na joto la Oktoba la Tabora litawaua wale ambao kicheche aliwaacha.

Kupigilia ndipo mafundi wengi wanaharibu. Msumari mmoja kila futi, umekunjwa kichwa, basi. Mnyama hatafuni waya huu, anausukuma na kuuvuta pembeni mpaka msumari unachomoka. Waya uwe upande wa nje wa nguzo, ili akisukuma kuingia aukandamize kwenye mbao badala ya kuuchomoa. Kisha kusanya visoda baa au dukani, kama 300 hivi. Kila baada ya sentimita 10 weka kisoda, mdomo wake wenye meno uelekee kwenye waya, pigilia msumari wa inchi 2 katikati. Meno yanauma waya na mbao, na kichwa cha msumari hakipiti. Kama nguzo ni mninga mkavu na misumari inapinda, ipake sabuni ya mche, au toboa kwanza kwa keekee. Misumari ya U nayo ni mizuri, ila visoda ni bure.

Kisha sogeza fito za kulalia. Zisipungue sentimita 40 kutoka kwenye waya wowote, na kila kuku apewe sentimita 20 za fito. Kwa kuku 14 ni kama mita 3, yaani fito tatu za mita moja katikati ya banda. Zote ziwe kimo kimoja. Moja ikiwa juu zaidi, wote watagombania hiyo na wanaoshindwa watarudi kujibanza ukutani. Kazi hii ni ya nusu saa na haina gharama, na ingewaokoa wale wawili.

Chini ya ukuta, usichimbe mtaro wa futi mbili kama unavyosoma kwingine, labda uwe na vijana wa kutosha nyumbani. Weka sketi ya waya. Chukua zile nusu za sentimita 45, kunja kila moja iwe na umbo la L: sentimita 15 zipande ukutani, 30 zilale chini zikielekea nje. Kila upande ukate mita 2.3, ili kona zifunikane. Fyeka nyasi kwanza, laza waya, ubane kwa vipande vya nondo au waya mnene vilivyokunjwa kama ndoano, halafu funika kwa udongo inchi 2 na mawe juu. Mnyama anayechimba huanzia pale pale ukuta unapogusa ardhi. Anakuta waya, anahamia kando akifuata ukuta, anakuta waya tena. Hajui kurudi nyuma hatua moja aanzie nje ya sketi. Samadi isirundikwe juu yake, unyevu wake unakula zinki na waya unaoza mapema.

Lakini kabla ya sketi, gusa mabanzi yako kwa bisibisi pale yanapogusa udongo. Bisibisi ikizama, mchwa wamekutangulia. Wauza mbao watakuambia ni mninga, mchwa hawali. Ni kweli kwa moyo wa mti, ule mwekundu. Banzi ni ganda la nje la gogo, lina magamba na mti mweupe, na huo mweupe mchwa wanaupenda. Kwa hiyo banda la mabanzi yaliyosimikwa ardhini lina mlango mpya kila masika, na mwenye banda hana habari kwa sababu kwa nje ganda bado limesimama. Kata sentimita 20 za chini zilizooza, jenga kozi mbili au tatu za tofali za kuchoma kwa saruji kuzunguka, na mabanzi yakae juu ya tofali. Sketi ipigiliwe kwenye mabanzi ishuke juu ya tofali. Hapo ongeza upana wa waya unaopanda, usipunguze unaolala. Nguzo za kona zipakwe oili chafu sehemu inayoingia ardhini, mara mbili, zikauke katikati.

Mlango wako nadhani unafungwa kwa kipande cha mbao kinachozunguka kwenye msumari. Msumari ukilegea, pua ya mbwa inatosha kukizungusha. Weka komeo la chuma la kuteleza, lenye tundu la kupitishia kufuli, na uweke jingine chini, kwa sababu mlango unaobanwa katikati tu unaachia kona ya chini. Sukuma kona hiyo kwa mguu ukiwa umefunga: ikifunguka kiasi cha vidole viwili, kicheche anaingia na kufuli likiwa limening'inia. Bawaba ziwe tatu. Chini ya mlango weka kizingiti cha tofali au mbao ngumu. Kufuli kwa kweli ni la wale wa miguu miwili, na Tabora mjini hao si wachache kuliko kanu.

Saa ya kufunga haibadiliki sana. Jua la Tabora huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:15 jioni mwaka mzima, hivyo ukiweka saa 1:15 kuwa ya kuhesabu na kufunga, umemaliza. Huhitaji milango ya umeme inayouzwa huko kwa wenye mchana wa saa 16. Hesabu kuku kila jioni kwa kuwagusa. Anayekosekana mara nyingi yuko juu ya mwembe. Mwembe ndio kitanda cha kanu pia. Kama una kuku wenye tabia hiyo, wakamate usiku, wafungie bandani siku 7 hadi 10 mfululizo, wale na kunywa humo, na wengi watazoea. Matawi yanayoinamia paa la banda yakatwe mpaka yawe mbali mita 2.

Vifaranga hawalindwi kwa banda la usiku. Wiki 8 za kwanza wakae na mama yao kwenye uzio mdogo uliofunikwa juu. Mita 2 kwa 3 inatosha koo wawili na watoto wao. Juu, wavu chakavu wa kuvulia unaotoka Kigoma unafaa kabisa kwa mwewe, ila ukazwe. Wavu unaolegea humnasa kuku mwenyewe, na nyoka pia. Pembeni uweke waya ule ule wa nusu inchi angalau futi 2 kutoka chini. CD zinazoning'inia na mifuko ya nailoni husaidia siku chache, halafu mwewe anazoea. Kivuli cha vichaka vifupi ndani ya uzio kinafanya kazi zaidi, kifaranga ana mahali pa kukimbilia.

Siafu hukuwataja, lakini mvua zikianza Novemba uwajue. Hao hawaulizi waya. Wanaoumia ni koo anayeatamia, maana haachi mayai, na vifaranga ambao hawawezi kukimbia. Viota vya kuatamia viwe kwenye meza au kichanja chenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu ya kina cha sentimita 3. Kopo lifunikwe kwa kipande cha bati kilichotobolewa katikati, lisijae maji ya mvua wala kifaranga asitumbukie. Jani moja kavu likidondoka koponi ni daraja, na unyasi mmoja unaogusa kichanja pia, hivyo fyeka mita nzima kuzunguka. Majivu yanasaidia yakiwa makavu tu. Ukiamka usiku ukakuta msafara umeshaingia, usipambane nao: fungua mlango kuku watoke, mchukue koo na vifaranga, uwapanguse siafu mmoja mmoja kwanza machoni na chini ya mabawa.

Sumu, hapana. Dawa za mashambani zinazowekwa kwenye nyama zinaua mbwa wa jirani, kisha mwewe na bundi wanaokula wanyama waliolishwa sumu, na bundi ndiye anayekupunguzia panya. Kuku wako nao wanadonoa chochote. Pia wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kuwaua bila kibali kunaweza kuwa kosa. Akiwa ni nyegere au fisi anayerudi kila siku, mwone afisa wanyamapori wa halmashauri. Panya watege kwa mitego ya kubana, iwekwe ndani ya boksi lenye tundu dogo ili kuku wasifike.

Na ukimkuta mnyama ndani, usimkamate kwa mikono. Fungua mlango, simama pembeni, mwache atoke, halafu ndipo uzibe. Nguchiro, bweha au mbwa anayetembea mchana bila kuogopa watu, anayeyumba au kutokwa mate, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, usilifunge, na uende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba.